Kutoka Fridley Kuifuata Piano ya Kale

Tangu nilipoumia kifundo cha mkono nikimwinua mgonjwa kazini, piano ya kanisani ilinishinda. Nyimbo mbili tu, maumivu yanapanda hadi begani. Daktari akanishauri niache. Mimi, niliyepiga piano tangu nikiwa msichana huko Nyeri! Niliposikia kwamba Neema, Mtanzania anayesomea muziki hapa ughaibuni, ana fortepiano, yaani piano ya mwanzo mwanzo yenye vibonye vyepesi, nilifunga safari.

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwetu Fridley, mume wangu akiendesha, theluji imerundikwa kando ya barabara.

"Mama Ciku, daktari alisema u-rest huo mkono."

"Wewe kazi yako ni ku-drive, Baba Ciku. Mkono ni wangu."

Akaongeza mwendo, tukaupita mji wa Saint Paul.

Kwake Inver Grove Heights, Neema alitupokea mlangoni. "Shikamoo, dada. Karibuni ndani."

Ala yenyewe, nakala ya zile za kale, ilikuwa sebuleni: ndogo, mbao tupu, haina fremu ya chuma. Vibonye ni vichache kuliko vya piano ya leo, tena rangi zimegeuzwa, vyeusi vimekaa mahali pa vyeupe. Pedali hakuna, unasukuma wenzo kwa goti.

Nikaketi, nikapiga kwa nguvu kama nilivyozoea. Nyuzi zikalia kama bati.

"Usiigonge, dada," Neema alisema. "Nyuzi zake nyembamba, na vinyundo vimevikwa ngozi, si sufu nene. Iguse tu."

Nikaigusa. Sauti ikatoka safi, kama mtu anayezungumza karibu nawe, kisha ikafifia kabla sijamaliza mstari. Moyo ukanivunjika. Hii haiwezi kuongoza kwaya.

"Ikififia usiingoje. Zile noti unazozipiga kwa pamoja, zitawanye, moja baada ya nyingine," Neema alisema.

Nikarudia wimbo uleule, nikikosea na kuanza tena, hadi chai ikapoa. Mkono haukuuma.

Tukiwa njiani kurudi, nilimpigia simu kiongozi wa kwaya, nikamwomba atafute mpigaji mwingine.

"Kwa hivyo umeacha piano?" Baba Ciku aliuliza nilipokata simu.

"Sijaacha. Naanza upya."

Miaka yote nilidhani kupiga vizuri ni kujaza kanisa kwa sauti. Siku ile nilijifunza kwamba sikuwa nimewahi kuvisikiliza vidole vyangu.

Baba Ciku akauliza, "Jumamosi ijayo tutoke saa ngapi?"