Mgeni Aliyeondoka Munanila Bila Kuaga

Ipo siku moja ya soko pale Munanila ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nimeshika mwiko naacha kukoroga. Keti kwanza. Hizo karatasi zako weka mezani, nitaziangalia baadaye, na macho yangu unayajua. Umeniambia chuo kimekukabidhi ofisi ya programu za kimataifa, na kwamba wiki ijayo unaanza kusaili watu utakaofanya nao kazi. Hongera sana. Nimefurahi mpaka nimekuchinjia kuku, na mimi kuku wangu siwachinji ovyo. Lakini hapo mlangoni umeniuliza, "Mama Skola, nichukue watu wa namna gani?" Swali hilo silijibu kwa neno moja. Nitakusimulia habari za Mama Veronika, halafu tutaona kama bado unanihitaji.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeajiriwa juzi tu, msaidizi katika ofisi hiyo hiyo unayokwenda kuikalia hapa Kasulu. Lami hatukuwa nayo. Ukitoka Kibondo kuja huku ulishuka kwenye gari umekuwa mwekundu kwa vumbi, mama yako mzazi angeweza kukupita asikujue. Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Bukuru, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka kabisa, mpaka mara nyingine nilitamani kumsukuma. Kazi yetu ndiyo hiyo hiyo yako. Wanafunzi wa vyuo vya nje walikuja kusoma kwetu muhula mmoja, wa kwetu nao wakaenda kwao. Na kila mgeni alikwenda kukaa kwa muda na familia ya wakulima kule Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, ajifunze lugha na maisha.

Mwenzangu ofisini alikuwa Zabroni, kijana wa Kibondo mjini, na ndiye aliyeshughulikia familia hizo. Kijana mzuri, usinielewe vibaya. Mchangamfu, Kiingereza kinamtiririka, na kila kitu kwake kilikuwa fasta. Ukimtuma chai, anarudi hujamaliza kuvuta kiti.

Mwaka huo nyumbani kwa Mama Veronika alikaa msichana mmoja kutoka Ufini, jina lake Hanna. Mama Veronika alikuwa mjane, muuza uji sokoni, uji wa ulezi mzito, na harusi ikitokea Munanila ndiye aliyeitwa kupika. Alisifika kwa usafi wa mikono, na kwa sifa hiyo alilisha na kusomesha watoto wake. Sifa hiyo ikiondoka, hana shamba kubwa, hana ng'ombe, hana ndugu mwenye duka. Shika hapo, maana ndipo habari yote ilipo.

Wewe umekulia Dodoma kwa baba yako, kwa hiyo acha nikueleze kidogo. Kwetu huku mwenye nyumba hamletei mgeni kinywaji akakaa kumtazama. Anaonja yeye kwanza, mgeni akiona, ndipo anampa. Ni heshima, lakini pia ni kumwambia, hapa kwangu uko salama. Na mgeni akiondoka, haondoki hivi hivi. Anaaga, anazuiwa, anaaga tena, anafungiwa viazi au maharage, halafu anasindikizwa mpaka njia panda. Sasa majirani wakimwona mgeni anatolewa nyumbani kwa mtu mbio mbio, na begi lake, na mwenye nyumba hayupo, hawaulizi. Wanajijibu wenyewe kwamba huko ndani kuna kitu amelishwa.

Basi Hanna akaumwa. Homa, kutapika, kichwa. Akampigia simu Zabroni, na Zabroni, kama kawaida yake, akachukua gari la chuo akafika upesi. Mama Veronika alikuwa ameshuka bondeni kuchimba viazi, hajui lolote, maana alimwacha msichana amelala akidhani amechoka tu. Zabroni angeweza kumtuma mtu amwite. Hakufanya hivyo, na sababu yake ndiyo inayonichoma mpaka leo. Alituambia baadaye kwa kinywa chake kwamba aliharakisha aondoke kabla mama hajarudi, kwa kuwa yeye ni Muha kama sisi, anatujua. Alijua Mama Veronika akimkuta ataanza kulia, atataka kupika, ataita majirani waje kumpa mgonjwa pole, na salamu peke yake zitamaliza jioni. Mtu asiyejua mila zetu angekosea kwa kutojua. Huyu alizikimbia kwa sababu anazijua.

Akambeba msichana, akabeba begi, akakunja hata shuka, gari likaondoka watu wakiwa wamesimama uani wanaangalia. Hospitali wakakuta ni malaria. Akapewa dawa, baada ya siku chache akawa anacheka na kuomba ndizi za kuchoma. Ofisini Zabroni akapongezwa. Profesa aliyekuja na wanafunzi wale, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, akamshika mkono mbele yetu sote. Na kweli alistahili, maana mgonjwa aliwahi dawa. Hakuna aliyeuliza habari za nyumba alikotoka.

Nikatumwa Munanila kuandaa mapokezi ya kundi jingine, na ikatokea kuwa siku ya soko. Nikaenda moja kwa moja kwenye uji, njaa inaniuma. Nikamkuta Mama Veronika amekaa peke yake, sufuria limejaa, uji umeshika utando juu. Watu wanapita na vikombe vyao kwenda kwa muuzaji mwingine kule mwisho, ambaye uji wake, Mungu anisamehe, ulikuwa kama maji ya kuoshea sahani. Nikamsalimu, "Mwakeye, mama." Akaitikia, akanishika mikono yote miwili, akauliza habari za Kasulu, habari za kazi, habari za wazazi wangu. Hakulalamika hata kidogo. Halafu akauliza taratibu, "Skola mwanangu, yule mtoto alipona?"

Nikamwambia amepona, ilikuwa malaria. Akafumba macho. Akasema, "Mungu ni mwema," akaanza kufunika sufuria lake. Mwanamke wa pembeni, muuza dagaa, ndiye aliyeninong'oneza kwamba harusi mbili zilikwisha kumwondoa jikoni, na kwamba watoto wa jirani wamekatazwa kula kwake. Ewe! Nilinunua kikombe nikanywa pale pale nimesimama, machozi yananitoka mpaka kwenye uji. Hakuna aliyejali. Mimi nilikuwa mtu wa ofisi tu, na ofisi ndiyo iliyomkimbiza mgeni.

Niliporudi nikamweleza Mwalimu Bukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akatuita wote. Mkuu wa chuo alikwisha kusikia, naye akaja akitaka Zabroni aachishwe kazi mara moja, ili kijiji kione tumechukua hatua. Zabroni mwenyewe alikuwa amekaa pembeni amejikunyata, kile Kiingereza chote kimempotea. Akapendekeza apeleke mchele, sukari na kitenge kizuri, aombe radhi.

Ndipo nikamwona Mwalimu Bukuru amekasirika, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Hakupaza sauti. Alisema, "Yule mama aliaibishwa sokoni, mbele ya watu wote. Mchele utakaompelekea jikoni atauona nani? Na wewe, mkuu, unaniambia nimfukuze. Nikimfukuza, watu watarudi kunywa uji wake? Huyu kijana mimi ndiye niliyemchagua, mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia. Nilimwambia mgonjwa aokolewe haraka, sikumwambia mwenye nyumba aambiwe na nani. Nitakwenda mwenyewe, na Hanna atakwenda, siku ya soko."

Profesa akakataa. Msichana alikuwa chini ya dhamana yake, na hakuona kwa nini arudishwe mahali alikougulia. Simlaumu, angekuwa wangu ningesema hivyo hivyo. Wakabishana kwa adabu, mmoja anaongelea usalama, mwingine anaongelea jina la mtu, na ilionekana wazi hawatafika popote. Hanna alikuwepo. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, lakini alikuwa ameshika jambo. Akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Mama yangu hajui mimi nimeenda wapi? Hamkumwambia?" Akainuka, akaenda kuchukua sweta lake. Profesa naye akainuka, akasema basi, twendeni wote.

Siku ya soko ilipofika tukaenda, tukakuta watu wamejaa. Niliwaza, huyu mama akitufukuza leo, tumekwisha, na yeye amekwisha zaidi. Mwalimu Bukuru alivua kofia akaenda mbele peke yake. Alimsalimu kwa salamu yetu ndefu, ameinama, ameshika viwiko vya yule mama, mpaka wauza maharage wakaacha kupima. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Veronika, mgeni wako tulimwondoa nyumbani kwako kama watu wanaokimbia moto, hukuwepo, hukuambiwa. Alikuwa na malaria aliyotoka nayo kwetu Kasulu, kwako hapa na baridi hii mbu wenyewe wanatafuta blanketi. Alikula vizuri, alilala vizuri. Kosa ni la ofisi yangu. Mimi ndiye mkuu wake, na mimi ndiye ninayekuomba radhi." Jina la Zabroni hakulitaja, ingawa Zabroni alikuwa amesimama nyuma yetu anatamani ardhi immeze.

Mama Veronika alimtazama Hanna. Akachukua kikombe, akakifuta kwa kanga yake, akachota uji. Akaonja yeye kwanza, watu wote wakiona. Kisha akamnyooshea. Hanna alipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akafuta midomo kwa mkono wa sweta kama mtoto wa Munanila, akarudisha kikombe akasema, "Naomba tena."

"Umekonda," Mama Veronika akamwambia. "Huko Kasulu walikuwa wanakulisha nini, vidonge?"

Watu wakaangua kicheko. Akaja yule muuza dagaa na kikombe, akaja mzee mmoja, akaja na jirani aliyekuwa amewakataza watoto wake, amebeba jagi kubwa. Sidhani kama alikuwa na njaa. Mama Veronika alimjazia, hakumwangalia usoni, na sijui kama walikuja kupatana vizuri tena. Sufuria likaisha kabla ya mchana.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta dereva. Mama Veronika akamwambia Mwalimu Bukuru, "Mgeni wangu bado hajaniaga." Basi tukalala Munanila. Profesa alipewa kitanda cha kamba, asubuhi akawa anatembea kama kuku mwenye mguu mbovu, lakini alitabasamu. Hanna akaaga, akazuiwa, akaaga tena, na majirani wakatoka kusindikiza. Zabroni ndiye aliyebeba begi, kwa miguu, mpaka njia panda. Pale Mama Veronika akamwita kwa jina lake, akampa fungu la viazi, akamwambia, "Wewe mwanangu, siku nyingine nisubiri. Hata kama nachelewa, nisubiri." Zabroni alikaa juu ya lile begi akalia, kijana wa watu.

Hakufukuzwa. Alifanya kazi ile miaka mingi, na sijaona aliyeifanya vizuri kumshinda.

Sasa jibu lako. Nisije nikasikia umechelewesha mgonjwa kwa ajili ya salamu, nitakuja na fimbo hadi hapo ofisini. Mgonjwa aende hospitali, na aende haraka. Lakini tangu siku ile Mwalimu Bukuru hakumtuma mtu mmoja kijijini. Alituma wawili, mmoja aondoke na mgonjwa, mmoja abaki akae na mwenye nyumba mpaka ajue kila kitu. Chuo kitakwambia ajira hazitoshi. Kataa, bishana, lia ukiweza, lakini wapate hao wawili. Kwenye usaili tafuta wa kwanza, yule wa haraka, wapo tele. Kisha mtafute na yule anayeweza kubaki nyuma na mtu aliyeumia, akae naye bila kuangalia saa, kwa kuwa huyo ni adimu, na mara nyingi hajui kujinadi. Usimdharau wala usimlipe kidogo kuliko mwenzake.

Na siku watu wako watakapokosea, maana watakosea, usimsukume mdogo mbele akapigwe badala yako. Tangulia wewe. Aibu iliyofanyika hadharani ikaondolewe hadharani, hapo hapo ilipofanyika, na umseme mtu wako baadaye, ofisini, mlango umefungwa. Wageni wako wanakuja kwa miezi michache wanarudi kwao na picha. Mama Veronika anabaki pale pale, na atahitaji kuuza uji kesho.

Haya, inuka, kuku asipoe. Mungu akupe kazi yenye amani, akupe watu wa kukushauri na moyo wa kuwasikiliza. Wageni wako wafike salama na warudi salama. Na kila mlango utakaogonga huko vijijini kuomba mahali pa kulaza mtoto wa mtu, ukafunguliwe, na ukirudi tena mwaka unaofuata, ukafunguliwe na mtu yule yule, akiwa anacheka.