Chama cha Flashi

Chama chetu kilikuwa cha watu watatu na flashi moja. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa, tulikutana Witeithie kwenye chumba kilicho juu ya saiba, duka la intaneti la mwenzetu, tukanywa chai ya maziwa kwa nduma, kisha yule mwenye zamu akaitoa flashi mfukoni na kuiweka mezani katikati ya vikombe. Ndani yake mlikuwa na programu za mwezi mzima, zile ambazo seva zetu zilihitaji ili zisibaki nyuma. Kuzishusha kutoka kwenye intaneti kulimaliza bando la data upesi, kwa hiyo mmoja alishusha kwa niaba ya wote, mwezi uliofuata akashusha mwingine, kama wanawake wa mtaani wanavyozungushiana masufuria. Nilikipenda chama hicho kuliko nilivyoipenda kazi yenyewe.

Mwenye saiba alikuwa mwanamume mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na ndiye aliyetufundisha mengi. Wa pili alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu aliyetunza kompyuta za kliniki moja ya Thika, kliniki ya watoto wenye kisukari. Alianza kazi pale akipanga kadi za wagonjwa kwenye makabati, na kadi zilipohamia kwenye seva, akahama nazo. Sisi wawili tulimwita Tata, kama Wakikuyu wanavyomwita shangazi. Wa tatu nilikuwa mimi, msichana niliyetunza seva ya shule moja ya sekondari huko Gitothua, Ruiru. Walimu walisema naota mchana. Walisema kweli, na sikuwahi kuwabishia kwa sababu mara nyingi sikuwa nimewasikia.

Programu za seva haziokotwi ovyo. Wanaozitengeneza wana maghala yao rasmi huko mtandaoni, na kila kifurushi kinachotoka ghalani kinalindwa na sahihi ambayo seva yako inaijua. Kifurushi kikifika, seva inakagua kwanza. Isiporidhika inaandika onyo, inasimama, na hakuna kubembeleza. Lakini flashi yetu haikuwa ghala rasmi, na mwaka ule wa kwanza tulipoichomeka, seva zikaikataa. Mwenye saiba akatuonyesha mstari mmoja wa kuandika, mstari unaoiambia seva iamini chochote kitakachotoka kwenye flashi hiyo na isiulize swali.

"Si ni sisi tu?" alisema. "Nani hapa atamletea mwenzake sumu?"

Tulicheka. Tata alicheka pia, akamenya nduma nyingine.

Niseme ukweli, kazi ile ilikuwa na usingizi wake mtamu. Chumba cha seva pale shuleni kilikuwa zamani stoo ya mipira na majembe, na hadi leo kinanuka ngozi na udongo mkavu. Asubuhi za baridi, ukungu wa Ruiru ukiwa bado umelalia paa za nyumba za kupanga, nilichomeka flashi, nikaandika amri, nikakaa kutazama majina yakipanda kwenye kioo cheusi. Majina marefu yasiyo na maana kwa mtu mwingine yalipita mbele yangu, moja baada ya jingine, polepole, na mimi nikaenda nayo. Niliwaza kwamba mahali fulani, kwenye mji nisioweza hata kuutamka jina, mtu alikaa mezani akaandika kitu hiki, akakitia sahihi, akaenda kulala, na sasa kimefika Gitothua kikiwa ndani ya mfuko wa sketi yangu. Kengele ya shule ililia, watoto wakamwagika uwanjani, na mimi bado nilikuwa kwenye mji ule. Nilihisi kupendwa na watu wasiojua kama nipo.

Basi mwezi wa Aprili zamu ikawa yangu, na mvua ndefu zikawa zimeanza kweli kweli. Intaneti ya shule ilikuja na kwenda. Vifurushi vyote vilishuka isipokuwa kimoja, cha programu ya kuhifadhi rekodi, ambacho sote watatu tulikitumia. Kilifika nusu kikakatika. Nikaanza upya, kikakatika. Ilikuwa Ijumaa alasiri, matone yakigonga mabati kwa mdundo ule unaofanya macho yawe mazito, na mimi nikatafuta jina la kifurushi hicho mtandaoni ili nione kama kipo karibu zaidi. Kilikuwepo, kwenye tovuti ya mtu nisiyemjua. Jina lilikuwa lile lile, namba ya toleo ile ile. Kilishuka mara moja, kama maji kwenye bomba. Nakumbuka nilifurahi. Nakumbuka pia nilitazama kidirishani na kuona kunguru mmoja amejikunyata juu ya goli, nikamhurumia kwa muda mrefu. Kuhusu kifurushi sikuwaza kitu. Nilikitia kwenye flashi pamoja na vingine.

Jumapili wenzangu walinishukuru. Mwenye saiba aliniongezea chai bila kuulizwa. Kila mmoja akanakili mzigo wake, na mimi nikarudi Ruiru nimeridhika na nafsi yangu.

Jumatatu nilisakinisha vyote kwenye seva ya shule. Jumanne asubuhi mvua ilikatika, intaneti ikawa nzuri ajabu, na kwa sababu tu sikuwa na la kufanya, nikajaribu tena kukishusha kile kifurushi kutoka ghala rasmi. Kikafika chote. Nikaviweka viwili kando kwa kando, changu cha Ijumaa na hiki cha leo, nikaiambia kompyuta ivipime. Kila faili ina alama yake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na faili mbili zikiwa sawa kabisa alama zao pia ni sawa. Hizi hazikufanana hata herufi ya kwanza.

Usingizi wangu wote wa miaka ulinitoka. Nilichomoa waya wa intaneti ukutani kwa mkono, kwa nguvu, mpaka kishikio kikavunjika. Nikampigia mwenye saiba.

"Sema, madam," akasema. Aliniita madam kwa sababu ya shule.

"Boss, ile flashi usiweke."

"Nisiweke nini na nishaweka jana? Mashini zote ziko fresh."

"Zima. Toa intaneti kwanza, halafu uzime. Kuna kitu kimoja sikutoa kwa repo, ile ghala rasmi. Nilikitoa kwa site ingine."

Nyuma yake mteja aliuliza kama printa inafanya kazi.

"Ngai! Madam, si ungesema tu imekataa? Hata tungekosa mwezi mmoja, nani angekufa?"

Hakuwa ananitusi. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza, lakini jibu lilikuwa Thika. Seva ya Tata ilibeba vipimo vya insulini vya watoto wote wa kliniki ile. Kila mtoto na kiasi chake, asubuhi na jioni, na nesi alikisoma kwenye kioo kabla ya kujaza sindano. Na Jumanne ilikuwa siku ya kliniki.

Nilimpigia Tata mara sita. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikamwambia naibu wa mwalimu mkuu kwamba nimefanya kosa kubwa na nitalieleza nikirudi, nikaondoka bila kusikia alichojibu.

Njia ya kwenda Thika naikumbuka kama niliipita nikiwa chini ya maji. Kila kitu kilikuwa kinang'aa kwa mvua ya usiku uliopita na kila kitu kilikwenda taratibu: mwanamke akianika blanketi la bluu kwenye kibaraza, punda amesimama katikati ya dimbwi, mahindi machanga nyuma ya uzio. Nilipopita Witeithie nikaona mlango wa bati wa saiba umeshushwa chini, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba siko ndotoni. Mtu mzima alikuwa amefunga biashara yake kwa sababu mimi nilimhurumia kunguru.

Nisiache hili likining'inia: seva ya shule niliifuta baadaye na kuijenga upya kutoka ghala rasmi, kitu kimoja kimoja, siku nne. Mwenye saiba alifanya vivyo hivyo na mashini zake, akaninunia hadi Juni. Kama kifurushi kile kilikuwa na ubaya ndani au kilikuwa tu kimebadilishwa na mtu asiye na kazi, sijui mpaka leo. Sikuwahi kupata mtu wa kuniambia, na kutojua huko bado kunanikereketa.

Kliniki ilikuwa imejaa. Kina mama walikaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, kila mmoja na thamosi ndogo ya kubebea dawa isipate joto. Mlango wa chumba cha nesi ulikuwa wazi. Nilipita moja kwa moja hadi ofisi ya nyuma, na pale nikamkuta Tata amevaa sweta yake ya kijani, miwani puani, amekaa mbele ya kioo.

"Tata, usiweke ile flashi," nikasema kabla ya salamu. "Niliharibu. Kile cha rekodi nilikitoa mahali pengine, sikujua, sikuangalia hata. Umeshaweka?"

"Keti kwanza."

"Umeweka?"

"Sijaweka. Kilikataa asubuhi ya leo. Nimetaka kuwapigia, nikakuta simu imezima na chaja iko nyumbani. Nilikuwa nangoja hawa watoto wapungue niazime simu ya nesi. Keti, umekuwa mweupe."

Sikukaa. Kilikataa vipi, nikauliza, na sote tuliandika mstari wa kuamini?

"Mimi sikuandika," akasema. "Kila mwezi nashusha ile orodha yenye sahihi, kutoka kwa ghala lenyewe. Orodha tu. Ni kitu kidogo, bando ya siku moja inatosha. Halafu nalinganisha flashi na orodha, kifurushi kimoja kimoja. Kikifanana naweka. Kisipofanana nakiacha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Miaka miwili unakagua na hutuambii?"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta. "Hapo nilikosea. Niliona mkijua mtasema siwaamini, na mimi nilikuwa napenda ile chai yetu. Ningewaambia, hata nyinyi mngekuwa salama leo. Hilo nitalibeba."

Ningepaswa kumshukuru. Watoto walikuwa salama, nilikuwa nimeambiwa kwa Kiswahili kisicho na utata kwamba wako salama, na bado hasira zikanipanda. Nilikuwa nimekaa naye meza moja mwezi baada ya mwezi. Nilimletea ndizi wakati wa msiba wa dada yake. Nilijiona mjinga, kama mtu aliyeimba kwa moyo wote akaambiwa baadaye kwamba kipaza sauti kilizimwa.

"Kwa hivyo hukuniamini hata siku moja," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto mdogo.

Tata aliinuka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta hadi mlangoni, tukasimama pale tukitazama chumba cha nesi ng'ambo ya korido. Msichana wa miaka sita hivi alikuwa amepanda kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, soksi moja imeshuka.

"Unamwona huyo? Nambari yake iko kwa hii mashini," Tata akasema polepole. "Siku moja hiyo nambari ibadilike, na iwe ni kwa sababu ya flashi yako, nitakuchukia, maitu, binti yangu. Sitaweza kujizuia. Nitakuchukia mpaka siku ya kuzikwa. Na mimi sitaki kukuchukia. Ndio maana naangalia."

Ng'ambo ya korido nesi alikisogelea kioo, akasoma kwa sauti, "Yuniti nane asubuhi, sita jioni," na mama wa yule mtoto akaitikia bila kuangalia mahali popote, "Nane, sita, ndiyo." Nesi akajaza sindano. Msichana akaufunika uso kwa viganja, kisha akachungulia kati ya vidole, kwanza nesi, halafu sisi wawili tuliosimama mlangoni.

Sindano iliingia na kutoka. Mama yake akampandisha ile soksi. Mimi nikalia pale pale nimesimama, mbele ya benchi zima la kina mama, na Tata hakuniambia ninyamaze wala hakuniachilia mkono.