Makufuli ya Desemba

Katika mtaa huu ulio nyuma ya Msimbazi, mtu hahitaji kalenda kujua kwamba Desemba inakatika. Anatazama makufuli. Likipita juma la tatu, maduka ya akina Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wa Kichaga, hufungwa moja baada ya jingine, mabegi hujazwa mashuka mapya na makopo ya biskuti, na wenyewe huondoka kwenda Kilimanjaro kama walioitwa kwa kengele. Hapo anayetaka robo ya sukari hana budi kutembea mpaka kwa Mpemba wa Mchikichini, tena aende mapema.

Kasmir ndiye Mangi wa mtaa huu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Duka lake ni chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa moja ya Manubhai, mzee wa Kihindi anayeishi juu na mkewe Shobhana. Dirisha lina nondo na wavu, na nyuma ya wavu huo Kasmir huuza kila kinachogawanyika na hata baadhi ya visivyogawanyika: mafuta ya kupima, nusu mkate, sigara moja, kitunguu kimoja. Si mtu wa maneno mengi. Ukimwambia "Mambo, Mangi?" anajibu "Poa", na mkono wake umeshafika kwenye kitu ulichokuja kuchukua.

Jambo moja tu hana mzaha nalo, nalo ni kwenda kwao Rombo. Tangu aanze duka hajakosa Krismasi hata moja. Mama yake, Theopista, ambaye sasa miguu imemchoka lakini masikio hayajachoka, huchagua mkungu wa ndizi mapema, anauzungushia kamba ili kila mtu ajue ni wa sikukuu, kisha haukati. Huusubiri mlango wa uani ulie, na aingie Kasmir. Wajukuu wamezoea kulala wakisubiri ndizi, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi huyo kwamba hiyo ni kero.

Basi mwaka jana ikaja habari ya supamaketi. Kampuni moja yenye maduka kila kona ya jiji ilikitaka kile kiwanja cha kona, palipovunjwa nyumba ya zamani na kuzungushiwa mabati. Mwenyekiti wa mtaa, Fikirini, akaitisha mkutano Jumapili moja ya Novemba ili wakazi watoe maoni yao. Watu walijaa. Wengine walitaka maziwa ya baridi na ajira kwa vijana wao. Wengine walisema watauziwa vitunguu vilivyovalishwa nailoni kama maharusi, na anayetaka kimoja ataondoka mikono mitupu. Mzee mmoja akasema yeye anabaki na Mangi, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wakaangua kicheko wakimgeukia Kasmir. Naye akacheka, ingawa hakuna mtu anayefurahi kuitwa zimwi hadharani, hata kwa sifa.

Mjumbe wa kampuni, kijana mtaratibu aitwaye Steven, aliwaamkia wazee wote kwanza, kisha akaeleza. "Duka letu litakuwa wazi mwaka mzima, wazee wangu. Idi, Krismasi, Mwaka Mpya. Hatufungi."

Hapo akasimama Nasma. Nasma hukaanga vitumbua kila asubuhi kwenye baraza ya duka la Kasmir, na kama kuna mtu Kasmir alimtegemea amsemee siku ile, ni yeye.

"Mangi ni ndugu yangu," Nasma alisema. "Ila ukweli usemwe. Ikifika Krismasi anafunga, na wenzake wote wanafunga. Sukari sipati, hamira sipati, wiki nzima karai langu limelala kifudifudi. Sikukuu yao, njaa yangu!"

Makofi yakapigwa hata na wale wasiotaka supamaketi. Kasmir aliona duka lake likimponyoka mbele ya macho yake, tena kwa mkono wa rafiki. Akajikuta amesimama. "Krismasi hii sifungi," akasema. "Siendi popote."

Akapigiwa makofi makubwa kuliko ya Nasma. Fikirini akasema vizuri, mkutano wa pili utakuwa Januari, na tuone.

Nyumbani mkewe Brightness hakumpongeza. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake. "Baba Jack, umeshamwambia mama?"

Alikuwa hajamwambia. Alipiga simu kesho yake, akiwa amesimama katikati ya magunia ili wateja wasimwone uso. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema. "Biashara ndiyo shamba lenu huko."

"Mkungu mkate tu, mama. Msinisubiri."

"Haya."

Lakini simu hakuikata. Kasmir alisikia kuku wakiparuaparua uani kwao, akasikia mtu akipasua kuni, na mama hakusema neno lingine. Ilimuuma kuliko kama angegombezwa.

Desemba ikaja, makufuli yakafungwa mtaa mzima, na duka la Kasmir likabaki wazi peke yake. Biashara ilimwendea vizuri kuliko wakati wowote. Watu walimsifu, "Mangi wetu!" na wengine wakaja kutoka mitaa ya mbali kushangaa duka la Mchaga lililo wazi wakati huo. Brightness alimsaidia bila kulalamika, kwa kuwa alikataa kwenda bila yeye. Na Kasmir mwenyewe alikaa nyuma ya wavu wake kama mfiwa anayepokea rambirambi.

Siku moja kabla ya mkesha, Nasma alisimama mbele ya dirisha akiwa na kitumbua mkononi. "Kula," akamwamuru.

Kasmir akauma, akakunja uso. Kilikuwa chumvi tupu.

"Umenipimia chumvi badala ya sukari," Nasma alisema. "Unga wote umekwenda, na wateja wananitemea vitumbua mbele yangu. Miaka yote hii hujawahi kunikosea, Mangi. Una nini?"

Kasmir alitazama mizani yake. "Mama hajakata mkungu," akasema. "Nimempigia leo, kaniambia atakata kesho. Jana pia alisema kesho. Ndizi zinaanza kuiva mgombani."

Nasma alijua habari za ule mkungu, maana kila Januari alikuwa akisimuliwa. "Kwani nani kakwambia usiende?"

"Wewe."

"Mimi?" Nasma alishika kiuno. "Mimi nilisema duka lisifungwe. Sikusema wewe usiende!"

"Sasa nimwachie nani? Wote ninaowaamini wako kwenye basi."

Manubhai alikuwa kwenye kiti chake pale barazani, gazeti mapajani, akijifanya anasoma. Akakohoa. "Humo ndani baba yangu aliuza sukari na vitenge kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Mimi nimekulia nyuma ya dirisha hilo. Nitakaa mimi."

"Alfajiri mimi nafungua," Nasma akadakia, "Mzee ashuke akishakunywa chai."

Kutoka roshani ya juu ikasikika sauti ya Shobhana, ambaye naye, kumbe, alikuwa akisikiliza. "Na mayai? Nani atashika mayai?"

Hilo halikuwa swali dogo. Katika nyumba ya Manubhai hakuliwi nyama wala yai, na mzee huyo hajawahi kulishika yai maishani mwake. Alifikiri. "Mayai watachukua wenyewe," akasema. "Mimi nitatazama pembeni."

Kasmir alicheka mpaka akafuta machozi, na kwa kweli si yote yalikuwa ya kicheko. Hata hivyo funguo zilimshinda kutoa. Alizitoa mfukoni, akazirudisha, akazitoa tena. Miaka kumi na tisa hazijawahi kulala nje ya nyumba yake. Brightness ndiye aliyezichukua kiganjani mwake na kuzitia katika mkono wa Nasma, kisha akaenda kufunga mabegi.

Walifika Rombo mkesha wa sikukuu, jua likiwa limezama, wao na binti yao Jacqueline, ambaye nyumbani ni Jack tu. Kasmir alisukuma mlango wa uani, ukalia kama kawaida yake. Mama alikuwa jikoni kwenye mafiga, mgongo umeelekea mlangoni. Kasmir akasema shikamoo. Hakuitikiwa.

"Leteni panga!" mama aliita, tayari akipapasa mkongojo wake. "Nani kaweka panga wapi?"

Ndizi zilikuwa zimeanza kulainika, na nyingine zilipopikwa zilikuwa tamu tamu. Hakuna aliyelalamika. Mchana wa Krismasi, wakiwa mezani, Manubhai alipiga simu kuuliza pilipili manga inapimwa kwa kijiko au kwa macho. Kasmir alimweleza, na mama akataka kujua ni nani huyo. Aliposimuliwa, aliinuka na mkongojo wake mpaka migombani, akauonyesha mkungu mwingine. "Huu mwende nao," akasema. "Ni wa hao waliokaa dukani."

Mkutano wa pili ulikuwa Januari, na watu walijaa tena. Steven alikuwa mtaratibu vilevile, na maneno yake yalikuwa yaleyale. "Na kama nilivyowaahidi, Krismasi duka letu litakuwa wazi."

Nasma akanyoosha mkono. "Samahani, kaka yangu. Hii Krismasi iliyopita, wewe ulikuwa wapi?"

Steven akatabasamu kwa aibu, kwa kuwa alikuwa kijana mkweli. "Nilikuwa nyumbani," akasema. "Machame, Kilimanjaro."

Ukumbi ulicheka, naye akacheka nao. "Lakini wafanyakazi walikuwepo," akaongeza. "Maduka yetu yote yalikuwa wazi."

Manubhai akainuka taratibu, mkono mmoja kwenye bega la mkewe. Kasmir alikuwa ameandaa maneno yake tangu asubuhi, ya kuomba, ya kujitetea, na alikuwa karibu kusimama. Mzee akamtangulia.

"Hata sisi hatukufunga," Manubhai alisema, akaketi.

Fikirini aliuliza kama kuna la ziada, akasema maoni yatapelekwa juu, na huko juu wataamua wanavyoamua. Mabati ya kiwanja cha kona bado yamesimama mpaka leo, na huenda hiyo supamaketi ikajengwa. Lakini siku ile Kasmir alibaki ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea viatuni, na maneno yote aliyoyaandaa hakuyahitaji tena.

Nyuma yake Shobhana alimnong'oneza: "Mwaka huu, Mangi, mayai uyauze yote kabla hujaondoka."