Fomalini Niliyoitoa Mochari Iliishia Kwenye Maziwa

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Wanawake wa kazi yangu hapa Nyeri si wengi, watu watanijua haraka.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Niko na mume na msichana mmoja wa miaka tisa. Nafanya kazi mochari, naosha miili na kuitayarisha. Kazi yenyewe siionei haya. Kitu kimoja tu hunisumbua, harufu ya fomalini, ile dawa tunadunga maiti isioze. Inaingia mpaka kwa nywele. Ikikumwagikia mkononi, ngozi inakauka na kuwa ngumu. Macho yanawasha, koo linachoma. Nikitoka kazini sishiki mtoto wangu kabla sijaoga na kubadilisha kila nguo.

Mume wangu, nimwite Baba Njeri, anauza maziwa. Tuko na ng'ombe watatu, na kila jioni anakusanya maziwa ya majirani, yanalala kwetu, asubuhi anayapeleka mjini kwa pikipiki kwenye duka lenye mashine ya kuuzia maziwa.

Mwaka jana wakati wa mvua aliniomba fomalini kidogo. Aliniambia kwato za ng'ombe zinaoza kwa sababu ya matope, na vet amesema tuwaoshe miguu nayo. Niliuliza mtu wa mifugo tunayejuana, akasema ni kweli, wakulima huitumia hivyo. Basi nikaanza kumletea mabaki ya chini ya pipa, kwa chupa ya soda niliyoizungushia gazeti. Nilijua ni wizi. Nikajituliza kwamba hata hivyo ingemwagwa. Kwato zikapona, lakini yeye akaendelea kuitisha, nami nikaendelea kubeba.

Mwezi uliopita maji yalikatika kazini, tukaachiliwa mapema. Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni na kabla sijafungua lango la zizi nikaisikia ile harufu. Nilidhani ni nguo zangu. Kuingia, nikamkuta Baba Njeri ameinama juu ya mkebe wa maziwa na chupa yangu mkononi. Alimimina kifuniko kimoja, akakoroga kwa mwiko, akasogea kwa mkebe wa pili. Alifanya kama mtu anatia chumvi kwa supu.

Nikamwuliza, "Unafanya nini?"

Hakuruka hata. "Mama Njeri, tulia. Ni kifuniko kimoja tu. Hii maziwa ikilala bila friji, asubuhi imeganda. Nani atanunua?"

"Si hiyo ni ya maiti!"

"Ati maiti. Wakichemsha inaisha."

Haiishi. Mimi najua vile inafanya nyama ya mtu. Nikauliza, "Na sisi? Tumekuwa tukinywa hii?"

Akanyoosha kidole kwa sufuria ya buluu kwenye dirisha. "Ya nyumbani ni ile. Mimi naweza pea Njeri hii kweli?"

Nilitapika hapo hapo kwa nyasi za ng'ombe. Mtu akikosa kujua, unamwelimisha. Huyu alijua. Alikuwa ametenga ya mtoto wake, akapelekea watoto wa wengine ile ya mochari.

Halafu nikakumbuka dada yangu mdogo. Anaishi mjini, ananunua kwa mashine hiyo hiyo. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu amekuwa akitapika na kushika tumbo tangu Pasaka, na kila akipelekwa hospitali wanapewa dawa tofauti. Sijui kama ni maziwa. Hilo ndilo linanila, sijui na siwezi kuuliza daktari bila kusema ninachojua.

Nilipiga mikebe yote miwili teke, maziwa yakaenda kwa mfereji. Baba Njeri akasema polepole, "Haya, nenda useme. Lakini usisahau kusema ni nani alikuwa analeta."

Kesho yake nilienda kwa dada yangu. Nilimkuta akimpa mtoto uji wa maziwa. Nilimnyang'anya kikombe, nikamwaga kwa sinki. Alishtuka. Nikamdanganya kwamba ng'ombe wa maziwa ya ile mashine wana ugonjwa wa matiti, asinunue tena. Alinikumbatia, akasema, "Asante dada, bila wewe ningejuaje?" Nilikaa kwa hicho kiti chake nikijisikia mchafu kuliko siku yoyote nimewahi kutoka mochari.

Mtoto ameacha kutapika kwa muda sasa. Inaweza kuwa ni maziwa, inaweza kuwa ni dawa ya mwisho aliyopewa.

Baba Njeri aliniapia kwa Biblia ameacha, nami nimekataa kubeba hata tone. Lakini Jumanne nilichota kikombe cha maziwa kwa mkebe wake wakati ameenda kwa jirani, nikakificha nyuma ya kabati bila kuyachemsha. Leo ni Ijumaa. Maziwa hayajaganda, hayana utando, hayajachacha. Ni meupe vile vile. Amepata mahali pengine pa kutoa hiyo dawa.

Nikienda kwa afisa wa afya, mume wangu atafungwa, nami nitapoteza kazi, pengine nifungwe pia, na Njeri abaki na nani? Nikinyamaza, kesho asubuhi ile pikipiki inashuka mjini tena, na kina mama wamepanga laini na chupa zao.

Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie nizungumze naye, nimezungumza. Wenzangu, nielekezeni: nianze kumwambia nani ukweli, afisa wa afya au dada yangu? Na nikimwambia dada yangu, nitamwangalia na macho gani?