Maman Godelive na korongo wa Walungu

Maman Godelive alikuwa mupiga picha. Nalisema mbele ya yote, kwa sababu wakati ule wa Zaïre, kila mara serikali ilipodai kadi mupya yenye picha, watu walikuwa wanaingia ku nyumba yake ndogo ya Kadutu na kuuliza: "Mwenye studio iko wapi?" Yeye alifuta mikono ku kikwembe na kuwajibu: "Njo miye mwenye studio. Kaa pale pa kiti, uinue kichwa."

Kazi ile aliifundishwa na bwana yake, marehemu Cirhuza. Cirhuza alipokufa, watu wa familia walifikiri atauza aparei yake ya kupiga picha. Hakuuza. Akingali mu nguo za kilio alienda kupiga picha za komunyo ya kwanza ku parokia, na tangu pale hakupumzika tena. Arusi ya Bagira, kilio ya Nguba, ubatizo wa Panzi, kote alienda kwa miguu, mufuko ku bega, akipanda na kushuka milima yetu hii mu poto-poto ya mvua. Wakati wa habari hii magoti yake yalikuwa yamevimba, na macho yalikuwa yanatoa machozi akisoma kwa muda. Tulikuwa tunasali pamoja mu shirika moja, na mara nyingi niliona analala mu rozari, midomo ingali inasema Salamu Maria.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuamsha: ndege. Kila filimu ya arusi aliachia nafasi kidogo ku mwisho. Bibi-arusi na bwana-arusi wakiisha kupigwa picha pamoja na wazazi, na mashahidi, na keki, yeye alishuka pembeni ya ziwa na kumaliza filimu juu ya ndege. Watu walipewa picha zao, zile za ndege alijiwekea mu sanduku la biskuti.

Siku moja alinionyesha moja. Niliona maji, majani, na kadoa keusi.

"Hii ni nini, Maman Godelive? Inzi?"

"Inzi gani! Ni mudiria, Anne-Marie. Angalia mudomo."

"Mudomo iko wapi?"

Aliirudisha mu sanduku pole pole. "Njo ile inaniliza," alisema. "Aparei yangu ni ya watu wa karibu. Ndege hawakubali nikaribie."

Ndege aliyetaka kuliko wote alikuwa korongo mwenye taji, yule mukubwa mwenye nyasi za zahabu ku kichwa. Godelive ni mutu wa Walungu. Akiwa mutoto, korongo walikuwa wanacheza mu bonde la maji chini ya shamba la baba yake, wanaruka na kuinamiana kama watu wanasalimiana. Alitaka picha yao moja, moja tu inayoonyesha uso. Na mwaka ule tulisikia watu wanachimba mifereji ili bonde likauke, wapande maharagi. Maji yakienda, korongo wanaenda.

Basi, wakati ule ule Père Stanislas alianza kufunga mizigo. Alikuwa mumisionere muzee, naye pia mupenda ndege, na moyo wake ulikuwa mugonjwa. Wakubwa wake walimuita arudi kwao, asirudi tena huku. Aliita Godelive pamoja na Honoré, mupiga picha mwingine aliyekuwa na studio yake Nyawera. Aliweka vitu viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa boîtier, ni kusema sanduku lenyewe la aparei ambamo filimu inakaa. Ilikuwa nzuri, inafunga muzuri, haipitishe mwanga. Cha pili kilikuwa objectif ndefu, jicho la mbele linalovuta kitu cha mbali.

"Kila mutu kimoja," alisema. "Godelive ni mukubwa, atachagua wa kwanza. Vyote vinapatana na aparei zenu. Mama, kamata vyote viwili, ujaribu. Siku ya Mungu, siku ya misa, uniletee jibu."

Honoré alikuwa mutu wa kucheka, na abacost yake, ile suti ya Zaïre isiyo na kravati, siku zote imepigwa pasi. Aliangalia ile objectif, akasema: "Maman, na ule muzinga unaenda kupiga vita ya nani?"

"Yako, kama hautanyamaza," Godelive alimujibu.

Lakini njiani hakucheka. Aparei yake muzee ilikuwa na ugonjwa. Mulango wa nyuma haukufunga tena muzuri, mwanga uliingia, na picha ilitoka na kitu cheupe kama moshi. Mbele ya Pasaka moshi ule ulifunika uso wa bibi-arusi mumoja, na mama muzazi alikuja kulia ndani ya studio kama vile mutoto amekufa. Kila mutu aliyejua habari alimuambia Godelive kitu kimoja: kamata boîtier. Boîtier ni chakula. Mimi pia nilimuambia.

"Najua," alisema. "Najua sana. Lakini twende kwanza Walungu."

Tulipanda kamioneti ya wauza mihogo, nikabeba mufuko kwa sababu ya magoti yake. Ku barriere askari mumoja aliona objectif, akairukia. "Hii ni silaha!"

"Ni ya picha, chef. Angalia ndani."

Aliangalia, akaona ngombe ku mulima ule mwingine, hata pembe. Akafurahi sana, akataka apigwe picha palepale, kifua mbele.

"Uko karibu sana," Godelive alisema. "Rudi nyuma. Tena. Tena, chef."

Alirudi nyuma mpaka ndani ya migomba, na bado uso tu njo ulikuwa unaingia. Watu wa kamioneti walicheka mpaka dreva akapiga honi. Mimi sikucheka sana. Niliona wazi kwamba chombo kile hakikuwa cha arusi hata kidogo. Ungelazimika kusimama mu barabara ili upige picha ya watu walio mu kanisa.

Tulifika ku bonde asubuhi, jua lingali zaifu. Upande mumoja wanaume walikuwa wanachimba, udongo mweusi umelundikana ku pembeni. Upande ule mwingine majani marefu, na katikati ya majani, korongo wawili. Godelive alifanya ishara ya musalaba. Boîtier ya Père aliiacha ku nyumba, alitaka kujua objectif itafanya nini ku aparei yake mwenyewe. Aliweka objectif ndefu ku aparei yake muzee, akapiga goti moja mu matope, goti lile bovu, akaangalia.

"Unawaona?" niliuliza.

"Naona mpaka jicho. Ee Mungu wangu."

"Basi piga!"

"Bado."

Nilipiga goti pembeni yake. Korongo walikuwa wamesimama wima, wamegeukia kwetu, taji zao zinapepea. Mimi sijue picha, lakini hata mimi niliona kwamba saa njo hii.

"Piga, Maman Godelive."

"Bado, nakuambia. Miguu haionekane. Majani yamefunika."

Musomaji asimucheke upesi. Kwetu, mutu akikupiga picha na kukata miguu, amekutukana. Watu wanaazima viatu kwa ajili ya ile picha, wanavipaka rangi toka usiku, na wakikuta umeishia ku magoti wanakurudishia karatasi yako. Godelive alifanya kazi vile tangu alipoachiwa aparei: kwanza angalia chini, miguu iko, halafu bonyeza. Kidole chake hakikujua njia nyingine. Alingojea korongo watoke mu majani kama anangojea mashahidi watoke mu kanisa.

Mumoja wa wachimbaji, mwanaume wa kule jina lake Venant, aliegemea jembe. "Maman! Unangojea wavae viatu?"

Wenzake wakapasuka na kicheko. Korongo waliinua shingo, wakafungua mabawa, wakaenda. Wakiwa mu hewa, miguu yao mirefu ilinyooka nyuma, yote minne, na pale njo Godelive alibonyeza. Mara moja tu.

Alibaki mu matope muda murefu. Venant aliona haya, akaja kumuinua. "Munisamehe, mama. Watarudi. Lakini musikawie. Mufereji wetu unafika pale wiki inayokuja."

Ku nyumba alisafisha filimu. Picha ile moja ilitoka. Mabawa yalionekana, miguu ilionekana, na juu ya vichwa, pale penye taji na uso, ulikuwa ule moshi mweupe wa mulango mubovu.

Nilisema pole pole: "Sasa umeona. Ni boîtier inaharibu."

"Nimeona."

"Siku ya Mungu utakamata boîtier."

Alikuwa anakanda magoti yake na mafuta ya mawese.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tulikutana ku veranda ya mapadri. Honoré alikuja na wanamuke wawili wa parokia. Mumoja alikuwa Georgette, ambaye mutoto wake alikuwa anaolewa siku ya posho iliyofuata, ni kusema Jumamosi, na Godelive njo alikuwa amepewa kazi ile. Georgette hakuficha mawazo yake. "Maman Godelive, ukamate ile sanduku muzuri, nakuomba. Mutoto wangu hapana moshi, eh!"

Godelive aliangalia vile vitu viwili juu ya meza. Aligusa boîtier, akafungua mulango wake wa nyuma na kuufunga. Ulilia tak, kavu, muzuri. Aliufungua tena, akaufunga tena. Niliwaza: imekwisha, amechagua. Halafu aliiweka chini na kuisukuma pole pole mpaka mbele ya Honoré.

"Mimi nakamata objectif."

Georgette alipiga mikono. "Maria!"

Père Stanislas alivua miwani. "Godelive, fikiri. Na arusi?"

"Nimefikiri, mon Père. Nimechoka kufikiri. Mulango wa aparei yangu nitafunga na sparadra, ile ya kidonda. Magoti yangu nitafunga na nini? Siwezi tena kutambaa mpaka karibu na ndege. Kama si hii inaniletea wao, sitawaona tena." Aligeukia Honoré. "Arusi ya mutoto wa Georgette utapiga wewe."

Honoré aliirudisha boîtier katikati ya meza. "Maman, miye sikukuomba kazi yako. Hapana. Watu watasema nimekunyanganya."

"Kamata mbele sijageuza mawazo. Na wale wa arusi za Bagira pia, wakija nitawatuma kwako. Mimi nitabaki na watu wa kadi, wale wanakaa pa kiti. Na mimi nitakaa pa kiti."

Père Stanislas alivaa tena miwani. Alimupa objectif mu mikono miwili, vile wanapokezana mutoto.

Hatukungojea. Kesho yake tulirudi Walungu. Godelive alikuwa amezungushia aparei sparadra pande zote, na juu yake kipande cha kikwembe cheusi, mpaka ilikuwa kama kidonda kilichofungwa ku dispensere. Filimu ilikuwa mupya, hakuna bibi-arusi ndani, hakuna mutu hata mumoja. Mu kamioneti alisema yote ni ya ndege, toka mwanzo, na sauti yake ilikuwa ya mutu anayeogopa.

Mufereji ulikuwa umefika. Maji yalikuwa yanashuka pole pole kuelekea mutoni, na pale tulipopiga magoti siku ile palikuwa pakavu. Nilimuangalia Godelive. Venant alitutambua, akaonyesha mbali na kidole, ku mwisho wa bonde ambako majani yalikuwa yamebaki. Hakucheka, na wenzake pia aliwaambia wanyamaze.

Korongo walikuwa kule. Godelive alikaa juu ya lundo la udongo, miguu imenyooka mbele kama mutu anayechambua maharagi, akaegemeza objectif ku bega langu. "Usipumue sana," aliniambia. Majani yalikuwa yamewafunika mpaka kifua. Nilisikia kidole chake kinatafuta, kinasita. Halafu tak. Halafu tak tena. Alibonyeza mpaka filimu ikakataa kuzunguka. Korongo mumoja aliinama, akaruka kidogo, akaangalia upande wetu, na sisi tulibaki pale hata kazi ilipokwisha, kwa sababu kusimama kulikuwa na uchungu kwake.

Tuliingia Kadutu muchana. Hakutaka kula kwanza. Alijifungia mu chumba cha giza, na mimi nilikaa inje ya mulango nikisema rozari, maana sikujua kitu kingine cha kumusaidia. Nilisikia maji yanamwagwa. Nilisikia anakohoa. Nilipomaliza matendo ya uchungu na kuanza ya utukufu, alifungua.

Picha nyingi zilikuwa na moshi. Sparadra ilikuwa imeachia ku pembe moja, sijui katika mashimo ya njia ao ku joto la mikono. Lakini chache zilikuwa safi, na moja kati yao alishika na vidole viwili, maji yangali yanachuruzika. Korongo alikuwa ameinamisha shingo kidogo. Shavu lake lilikuwa jeupe, jicho linaangaza, na kila unyasi wa taji ungeweza kuhesabiwa. Majani yalianzia ku kifua. Pale chini hapakuwa na miguu.

"Njo huyu," alisema.

Aliipachika ku kamba pamoja na zile zingine, pole pole, akitafuta kila kibanio. Nilingojea acheke, ao aimbe, sababu alikuwa anapenda kuimba.

"Haufurahi?" nilimuuliza.

"Nafurahi. Nitafurahi muzuri kesho. Leo nimechoka, Anne-Marie."

Alikaa pa kiti cha watu wa kadi, mbele ya ukuta mweupe, viatu vingali na matope ya Walungu. Alianza kuniambia kitu juu ya Père Stanislas, kwamba tutamupelekea picha moja mbele ya safari yake, halafu maneno yakaisha katikati. Usingizi ulikuwa umemukamata. Mutu alibisha ku mulango, mwanaume mwenye haraka, anataka picha ya kadi. Nilitoka inje pole pole, nikamuambia arudi kesho.