Kulusumu na Hesabu ya Jinja

Kila kitu kilichokuwamo nyumbani kwa kina Kulusumu, pale Nabuyonga, mjini Mbale, kilikuwa na pacha wake Jinja. Chupa ya chai yenye maua mekundu, mkeka wa sebuleni, pasi, hata taa ya sola. Baba yake, Hajji Mutwalibu, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki mwenye wake wawili, mmoja Jinja na mmoja Mbale, na aliogopa kudhulumu kuliko alivyoogopa hasara. Akinunua huku, ananunua na kule. Wiki moja alilala Jinja, wiki inayofuata Mbale, na mkoba wake mkubwa wa turubai ulisafiri naye umejaa vitu viwiliviwili.

Alikuwa na kanuni nyingine aliyoishika kama swala: vitu vilisafiri, maneno hayakusafiri. Yaliyosemwa Jinja aliyaacha Jinja. Ukimuuliza, "Baba, Rashida hajambo?" atakujibu, "Hajambo, alhamdulillahi," kisha ataomba maji ya kunywa, na habari imeishia hapo.

Rashida ndiye binti wa nyumba ya Jinja. Alizaliwa mwaka mmoja na Kulusumu, akatangulia miezi michache tu, na walikutana siku za Idd pekee, kwa bibi yao, Buwenge. Mwaka mzima uliobaki Kulusumu alimjua dada yake kwa kupitia mkoba. Baba akienda msikitini, yeye alikuwa tayari amepiga magoti, zipu iko mkononi. Hivyo ndivyo alivyojua, akiwa darasa la saba, kwamba miguu ya Rashida imeizidi yake, maana viatu vilikuwa vya aina moja lakini vile vya Jinja vilikuwa virefu zaidi. Siku hiyo hakula chakula cha jioni. Alisema tumbo linamuuma, na kwa kweli lilikuwa linamuuma.

Mama yake, Sofia, hakumkataza kupekua. Alikuwa muuza vitenge mtaani Namakwekwe, mjukuu wa askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudani, na Kiswahili chake kilitoka mdomoni kikiwa kimesimama wima kama gwaride. Alikuwa akiuliza kutoka jikoni bila kugeuza shingo: "Kule wamepewa nini?" Binti akajibu. Mama akasema, "Haya, funga." Basi msichana akakua akijipima kwa mtu ambaye hakuwapo, jambo ambalo ni gumu kuliko kujipima kwa mtu aliyepo, kwa sababu mtu asiyekuwapo hakosei kamwe, haugui, wala halii.

Kulusumu alipoingia kidato cha tano katika shule yake ileile ya Mbale, alichagua Historia, Uchumi na Jiografia. Historia ndiyo iliyokuwa roho yake. Aliweza kusimulia vita vya zamani mpaka wenzake wakasahau kengele ya chakula, na mwalimu mwenyewe alikuwa akikaa ubavuni amekunja mikono anamsikiliza. Kwa kuwa alichukua Uchumi bila hesabu kubwa, ilimpasa kuongeza hesabu ndogo. Huo ndio utaratibu: hesabu kubwa ni somo zima, lenye alama sita za kukupeleka chuo kikuu, hesabu ndogo ni somo la pembeni, lenye alama moja tu, ili usitoke shuleni ukiwa huwezi kusoma jedwali la takwimu.

Kwenye karatasi mambo yameishia hapo. Shuleni hayaishii hapo. Wanafunzi wa hesabu kubwa walikaa katika jengo jipya lenye vioo. Mkuu wa shule aliwaita "wahandisi wetu" mbele ya watu wote asubuhi, hata yule ambaye hakuwa amepata jibu moja sahihi tangu muhula uanze. Waliobaki waliitwa "wa sabu", kwa mkato wa jina la kizungu la lile somo dogo, na neno hilo lilitamkwa jinsi mtu anavyotaja ukoko wa sufuria. Shule zetu zimejaa ujinga huu. Mtoto anayejua kwa nini nchi yake iko kama ilivyo anaonekana ameshindwa, na mtoto anayenakili hesabu asizozielewa anapigiwa makofi, halafu tunashangaa kwamba wahandisi hatuna na wanahistoria nao hatuna.

Kulusumu hakujali ukoko wala sufuria, mpaka siku Hajji aliporudi na mkoba wake na ndani yake mkawa na vitabu viwili vinene vya hesabu kubwa, vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani.

Alivitazama kwa muda mrefu. Baba aliporudi kutoka msikitini, akakata kamba kwa wembe, akampa kimoja.

"Baba, hiki sikukiomba. Mimi nafanya hesabu ndogo."

"Kitabu ni kitabu," Hajji akasema. "Kisome."

"Na hicho kingine?"

"Hicho kina mwenyewe." Akaomba maji ya kunywa.

Kulusumu hakuhitaji kuelezwa. Kama yeye hakuomba, basi aliyeomba ni Rashida, na yeye amepewa chake kwa ajili ya haki tu, kama mtu anavyopewa mkia wa samaki ili asinung'unike. Rashida anafanya hesabu kubwa. Rashida amekaa nyuma ya vioo. Usiku ule, kila alipofumba macho, alimwona dada yake ameshika chaki mbele ya ubao, miguu yake mirefu imetulia, darasa zima limenyamaza.

"Kwa hiyo wa Jinja anakuwa injinia," Sofia akasema asubuhi, huku akikunja vitenge vya kupeleka sokoni. "Na wangu mimi atatusimulia wafalme waliokufa."

"Mama, hesabu siiwezi kama Historia."

"Nani amesema unaiweza? Nauliza kama unakubali kupitwa."

Hakukubali. Siku hiyohiyo alisimama mbele ya Mwalimu Isabirye, aliyefundisha hesabu kubwa na ndiye pia aliyeshughulikia wanafunzi wanaobadilisha masomo. Alikuwa Msoga mpole, mzaliwa wa Buwenge, mwenye sauti ya kuchoka na utani usiochoka.

"Unataka kuacha Historia, maana vipindi vinagongana, uchukue hesabu kubwa," akasema. "Kwa nini?"

"Naipenda, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki hii."

"Mapenzi ya wiki moja nimeyaona mengi, lakini mara nyingi ni kwa binadamu." Akamtazama usoni, akaona uso umefungwa. "Kale, haya. Nafasi ya kurudi ipo mpaka Jumatatu baada ya Idd ya kuchinja. Baada ya hapo majina yanaenda kwenye baraza la mitihani, na hata ulie machozi ya damu hutarudi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akahamia jengo la vioo. Wiki mbili za kwanza alitembea kama bibi harusi. Kisha kalkulasi ikaanza, na kiburi kikamtoka kama upepo kwenye tairi. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikesha, alinakili, alikariri kanuni hadi akaziota. Lakini swali likibadilishwa sura kidogo tu, alibaki akiliangalia kama mgeni aliyepotea njia. Jaribio la kwanza alipata kumi na tisa kwa mia. La pili, ishirini na mbili. Mwalimu Isabirye aliandika chini yake, "Tunapanda mlima, lakini kwa mgongo."

Na kila swali lililomshinda, alikuwa na hakika kwamba Jinja limeshajibiwa. Hilo ndilo lililomla. Hakuichukia hesabu, alimchukia Rashida anayeielewa. Alimpa sauti, alimpa cheko. Akifuta jibu kwenye daftari, alimsikia yule wa Jinja akisema taratibu, "Bado tu?"

Njia ya kwenda maktaba ilipita chini ya dirisha la darasa la Historia. Siku moja alimsikia Nuriat, msichana wa Namakwekwe aliyekuwa akikaa nyuma yake zamani, akieleza chanzo cha ile reli iliyopita kwao. Alieleza vizuri. Mwalimu alikuwa amekunja mikono ubavuni, anamsikiliza. Kulusumu akaondoka kwa haraka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamwonea wivu mtu wa pili kabla hajamalizana na wa kwanza.

Idd ikafika. Jamaa wote wakakusanyika Buwenge kwa Jaja Kagoya, mama yake Hajji, ambaye alisilimu kwa ajili ya ndoa lakini jina lake la Kisoga hakumwachia mtu. Wajukuu wawili wa umri mmoja walipewa kazi moja: kuosha utumbo wa mbuzi nyuma ya nyumba. Rashida alikuwa amekuwa mrefu kweli. Alicheka ovyo, akapangusa jasho kwa kiwiko, akaanza maneno kana kwamba waliachana jana.

"Eh, Kulu, umekonda. Shule gani hiyo inakunyonya?"

"Hesabu," Kulusumu akasema, akimtazama kwa pembe ya jicho. "Si unajua mwenyewe hesabu kubwa ilivyo."

"Mimi nitajulia wapi? Mimi ni wa sabu." Akageuza utumbo ndani nje kwa ufundi mkubwa. "Nafanya Jiografia, Kilimo na Dini. Hesabu ndogo yenyewe naiingia nimefunga macho."

Kulusumu aliacha kuosha. "Na kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Kile kinene. Uliomba kitabu cha hesabu kubwa, baba akanunua viwili."

"Mimi?" Rashida akacheka hadi akakaa chini. "Nilidhani wewe ndiye uliyeomba. Nikasema, kumbe Kulu anataka kwenda mwezini. Mimi changu nakitumia kunyooshea mitandio. Naiweka chini yake, nakilalia, asubuhi inakuwa imenyooka."

Jaja Kagoya, aliyekuwa akichochea moto karibu nao, akamwita mwanawe. "Mutwalibu, njoo hapa. Nani aliomba vitabu?"

Hajji akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama mbali na utumbo. "Vitabu gani, mama?"

"Vya hesabu. Hawa kila mmoja anamsingizia mwenzake."

"Aa, vile. Kulikuwa na mtu Iganga anafunga duka lake, anauza kwa bei ya kutupa. Nikachukua viwili. Si nina wasichana wawili?"

"Kwa hiyo hakuna aliyeomba," Kulusumu akasema.

"Mtu anaomba kitabu?" Hajji akashangaa, kisha akaenda zake.

Rashida aliendelea kucheka. Kulusumu hakucheka. Alimuuliza dada yake swali moja tu, kwa sauti ndogo. "Nyie kule huwa hamfungui mkoba? Baba akiwa msikitini?"

"Mkoba wa baba? Tufungue tutafute nini?"

Hapo ndipo palipomchoma, mahali ambapo kalkulasi haikuwahi kufika. Miaka yote hiyo alikuwa anakimbia mbio, kifua kinamwaka, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Jinja hawakuwa wanamtazama. Hawakuwa wanamdharau, maana hata dharau inataka mtu akukumbuke. Rashida alikuwa analala usingizi wake juu ya mitandio. Kulusumu akatamani usingizi ule kuliko alivyowahi kutamani kiatu au cheo, akamwonea dada yake wivu mpya, mbaya kuliko ule wa zamani.

Waliporudi Mbale alimsimulia mama yake yote, akatarajia naye ataudhika. Sofia aliacha kukunja kitenge, macho yakamwaka.

"Hesabu ndogo? Yule?" Akatabasamu polepole. "Basi vizuri. Umeshamshinda. Kaza moyo ubaki hapohapo, Idd ijayo tuone watasema nini."

"Hawatasema kitu, mama. Hawaulizi habari zetu."

"Watauliza ukiwa injinia."

"Kwa ishirini na mbili kwa mia?"

Sofia akarudia kukunja kitenge. Kulusumu akamsaidia kukunja, kwa sababu moyo wake ulikuwa upande wa mama. Utamu ule aliuonja kabisa: kubaki nyuma ya vioo, kuitwa mhandisi, huku yule wa miguu mirefu anaitwa wa sabu. Kilichotakiwa ni kukaa kimya tu Jumatatu ipite. Angepoteza alama sita za Historia na chuo kikuu, lakini angekuwa ameshinda. Jumapili nzima aliuzungusha ushindi huo kichwani, akitafuta mtu wa kumwonyesha. Jinja hapakuwa na mtu. Alibaki mama yake, na mama yake hakuwa akifanya mtihani.

"Mimi narudi Historia," akasema usiku. "Ukiulizwa sokoni, sema binti yako alishindwa. Nitavumilia."

"Sitasema umeshindwa," Sofia akajibu kwa hasira. "Nitasema mwalimu ni mbaya."

Asubuhi Mwalimu Isabirye alimkuta mlangoni kabla hajafungua ofisi.

"Mapenzi yamekwisha?"

"Hayakuwa mapenzi, mwalimu. Ulikuwa wivu."

"Basi umetoka na jibu moja sahihi." Akafungua kufuli. "Lakini usidhani unatoroka hesabu. Hesabu ndogo utaifanya, na uifanye vizuri. Ile alama moja imewapeleka watu mbali."

Kulusumu akaingia darasa la Historia kipindi kimeshaanza. Kiti chake cha mbele kilikuwa na mwenyewe sasa: Nuriat alikuwa amekikalia kwa raha zote, mkono umeshanyanyuliwa kabla swali halijaisha. Akajibu, na jibu lake likawa sahihi, tena na tarehe mbili ambazo Kulusumu hakuwa akizijua. Darasa likaguna kwa kustaajabu. Kulusumu akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango, akasikia ule moto wa zamani ukiwaka tena.

Kengele ilipolia alimfuata.

"Niazime madaftari yako ya muhula wote."

Nuriat akamtazama juu mpaka chini. "Si ulituacha, mhandisi?"

"Niliwaacha. Nimerudi kukitaka kiti changu."

"Kiti hiki?" Nuriat akacheka, akampa madaftari yote, kifuani, kama mzigo wa kuni. "Yasome kwanza hayo. Halafu uje tuzungumze habari za kiti."

Kulusumu akayachukua kwa mikono miwili. Alikuwa amekasirika sana, na akaanza kusoma ukurasa wa kwanza akiwa bado anatembea.