Achari ya Tanipu ya Bwana Taib

Bwana Taib wa Kuze, Mombasa, ni mtu aliyefika Madina. Kama hulijui jambo hili, atakujulisha mwenyewe kabla hujamaliza kumwitikia salamu. Wako wengi mtaani kwake waliofika Madina, wengine zaidi ya mara moja, lakini wao walikwenda, wakasali, wakarudi, wakanyamaza. Taib alirudi na achari.

Si kwamba aliibeba. Aliila tu, katika mkahawa mmoja karibu na hoteli waliyofikia, vipande vya rangi ya waridi vilivyowekwa pembeni mwa sahani ya wali na kuku. Akauliza ni kitu gani, akaambiwa ni tanipu, zile zinazofanana na figili ila ni nene na zina mashavu ya zambarau, zimelazwa ndani ya siki na chumvi pamoja na kipande cha bitiruti cha kuzitia rangi. Tangu siku hiyo kila chakula alichopewa nyumbani kikawa kinapungukiwa na kitu, na kitu chenyewe kilikuwa Madina.

Mkewe Mwanakuu alivumilia. Huyu ni mwanamke ambaye achari yake ya ndimu huombwa kwa vibakuli na nyumba zote za kichochoro chao, na arusi ya jirani haipakuliwi pilau mpaka mtu atumwe kwake na chupa tupu. Alimsikiliza mumewe akizisifu tanipu asubuhi na jioni. Halafu ikaja siku Taib alipowaalika wenzake wa barazani kula biriani. Mwanakuu akatoa ndimu alizozianika mwenyewe juu ya paa, akizipandisha na kuziteremsha kila jua linapobadilika. Taib akaonja moja, akakisukuma kibakuli kando, akatangaza kwa sauti ya kupita ukutani:

"Hii twaila kwa kuwa hatuna nyingine. Achari ni ile ya Madina. Na kuitengeneza ni kazi gani? Kukata na kutia chumvi. Hata miye naweza."

Wageni wakaziangalia sahani zao. Abdulghafur, mwenye duka la viungo, aliyekuwa ameshika kijiko kujiongezea ndimu, alisita kidogo kisha akajiongezea.

Sauti ya kupita ukutani ilipita ukutani kweli, ikamkuta Mwanakuu jikoni. Asubuhi yake alikuwa amevaa buibui na kifurushi kiko kwapani.

"Baba Raihana, miye nenda kwa kaka yangu," akasema. Wala hakupandisha sauti. "Siku utakayoitengeneza hiyo achari yako nikaila nikaridhika, njoo unichukue. Na uje na wale wale walokusikia."

Taib akacheka. Kaka yake Mwanakuu, Maalim Zakariya, anasomesha madrasa vichochoro viwili tu kutoka hapo, si Maskati. Alicheka siku hiyo, akacheka kesho yake, na kufikia mwisho wa juma alikuwa ameshakula viazi karai vya njiani hata mwenye karai akawa anamwuliza hali ya nyumbani. Nyumba ikawa kimya mpaka anasikia jokofu likinguruma. Alimkumbuka mkewe, tena ilimuuma hasa. Angeweza kuvuka vile vichochoro viwili akasema, "Nimekosa." Lakini mtu aliyekuwa karani gatini Mbaraki maisha yake yote, akiandika magunia yaliyobebwa na wengine, haombi radhi hivi hivi. Akaenda Marikiti kutafuta tanipu.

Alizipata kwa Charo, kijana muuza mboga kutoka Kaloleni.

"Mzee, hizi huchukuliwa na Wachina na mahoteli," Charo akamwonya kwa heshima. "Kwenu mwajua kuzipika?"

"Hazipikwi. Weye ushafika Madina?"

Charo, ambaye kanisani kwao anaitwa Ronald na ambaye safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa ya Voi, akakiri kwamba bado. Akamfungia tanipu zake na bitiruti moja, akamtakia kila la heri.

Mwalimu wa Taib alikuwa video ya simu. Aliyekuwa akielekeza ni mama mmoja aliyesema Kiarabu cha haraka, na Taib husoma Kiarabu kwa sauti nzuri sana bila kukielewa. Alielewa mikono. Mikono ilikata, naye akakata. Mikono ikavitandaza vipande kwenye sinia vikauke, naye akapanda na sinia juu ya paa, akalitua juani kama alivyomwona mkewe akifanya, akateremka kunywa chai. Jambo ambalo hakuwahi kuliona, kwa kuwa wakati huo alikuwa chini anakunywa chai, ni kwamba Mwanakuu hukaa palepale na fimbo mpaka ndimu zikauke.

Kunguru wa Mombasa hawana mambo ya Madina wala ya wapi. Aliporudi walikuwa wamekwisha kula walichokipenda na sasa walikuwa wakitupiana kilichobaki. Kipande kimoja kilikwenda kuanguka uani kwa Maalim Zakariya. Habari zilizomfikia Taib baadaye ni kwamba Mwanakuu alikiokota, akautazama unene wake, akauliza kama ile nyumba imeishiwa visu.

Mara ya pili hakuanika kitu. Alikata tanipu zilizobaki, akajaza chupa, akahitaji maji. Mle ndani mlikuwa na dumu la maji matamu aliloletewa na mkokoteni, lakini hilo lilikuwa la chai yake, na kisima kiko pale pale chini ya ngazi. Kila mtoto wa Kuze anajua kwamba maji ya kisima yana chumvi. Taib alijua pia, na akajiona mwerevu: chumvi ya bure. Kisha akaitazama tena mikono ya yule mama, ambaye hakuwahi kuteka maji Kuze, akatia na chumvi yote iliyotiwa na mikono. Alipoifungua chupa na kuonja kipande, aliketi sakafuni. Lile dumu la chai alilinywa lote siku hiyo hiyo.

Ndipo alipokwenda dukani kwa Abdulghafur kununua siki nyingine, mabega yamemwanguka. Akaiona hapo kwenye rafu, chupa ya vipande vyembamba vya waridi, mdomo wake umefunikwa kitambaa chekundu na kuzungushwa uzi.

"Hii yatoka wapi?"

"Yaletwa," akasema Abdulghafur, akageuka kupanga mdalasini ambao ulikuwa umekwisha kupangwa.

Taib akaomba kuonja. Akafumba macho palepale katikati ya magunia ya bizari. Kile kipande kilikatika kwa sauti, uchachu ukaja kwanza, chumvi ikafuata nyuma yake bila haraka. Alipofumbua macho alikuwa na mpango.

"Nifungie kwa gazeti. Na baada ya alasiri uwe tayari pamoja na wenzetu, twenda kumchukua mke wangu."

"Siwezi kukosa," akasema Abdulghafur, na siku hiyo, jambo lisilowahi kutokea, akafunga duka mapema.

Maalim Zakariya aliwapokea kwa kahawa na kashata. Mwanakuu akaja kuketi karibu na mlango wa ndani, amejitanda leso, kikapu kiko miguuni pake. Taib akaitua chupa mbele yake. Mwanakuu aliutazama mdomo wa chupa kwa muda mrefu.

"Umeitengeneza weye?"

"Kwa mikono yangu."

"Hebu nieleze."

Alieleza. Alieleza kisu, unene wa vipande, maji matamu, na kunguru aliokesha akiwafukuza, ingawa kunguru usiku hulala. "Nalipoionja," akamalizia, "nikasema ya Madina haifui dafu kwa hii."

"Rudia."

"Ya Madina haifui dafu," Taib akarudia, akiwageukia mashahidi wake mmoja mmoja. Abdulghafur alipaliwa na kahawa.

"Na kitambaa hiki?"

"Ah, kitambaa tu. Nalichana kitu kuukuu kilichokuwako nyumbani."

Mwanakuu alifungua uzi, akakitandaza kitambaa juu ya goti lake, chekundu kilichopauka, na nusu ya ua la korosho. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa leso iliyokatwa pembeni, akakiweka kile kitambaa pale palipokatwa. Kikakaa sawasawa.

"Leso hii nalinunuliwa na mtu," akasema, "kwa mshahara wake wa kwanza wa Mbaraki. Nimeivaa hata ikawa haivaliki, nikaiweka. Nalipokuja huku nikasema, kama mwenyewe haioni, basi na ifunike chupa." Akaikunja. "Nikafikiri akiiona tu ataijua."

Taib aliitazama leso, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Aliliona duka la leso la Mtaa wa Biashara lilivyokuwa siku ile, na yeye kijana amesimama mbele ya leso zilizotundikwa hajui achague ipi, wanawake wanamcheka.

"Mwenye duka aliniambia," akasema, na safari hii sauti yake haikufika hata kwa Abdulghafur, "chukua ambayo hutoisahau."

Mwanakuu akamnyooshea kile kitambaa, naye akakipokea kwa mikono miwili.

"Sikuitengeneza miye. Zangu zaliliwa na kunguru, zilobaki nikazitia maji ya kisima. Hii naliinunua. Ni yako. Na nimekosa, mama. Mbele ya hawa hawa."

"Maji ya kisima," akarudia Maalim Zakariya polepole, akainamia kikombe chake mabega yakimtikisika.

Mwanakuu aliinuka, akavaa buibui lake, akaokota kikapu.

"Beba chupa, Baba Raihana," akasema. "Kitambaa nipe miye."